Mbegu za Mtungi wa Malkhazi

Kakheti, mwisho wa mavuno

Kwako Dada Lamara,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, nyingi kuliko majani yaliyotapakaa uani leo na ambayo, kama kawaida, nitayafagia peke yangu. Mimi sijambo, ila mgongo. U hali gani huko Thesaloniki? Yule bibi unayemlea bado anaficha miwani yake kisha anakusingizia wewe? Mvumilie dada, uzee ni mgeni wa kila nyumba. Mama naye hajambo. Anakula, anagomba, na juzi kamfukuza jogoo wa jirani kwa fagio mpaka barabarani. Nakutajia hilo mapema ili usisome barua hii moyo ukikudunda. Mama yu mzima. Kaa kitako basi, unisikilize.

Najua utauliza: we Makvala, simu umeitumbukiza kisimani? Simu ninayo. Mama ndiye aliyekataa haya yasemwe kwenye simu. Anasema maneno ya mtungi hayapitishwi hewani, yaandikwe kwa mkono yafike yametulia. Na mimi nimeona afadhali, maana kwa mdomo ungenikatiza kabla sijafika nusu, ukasema nimelewa.

Nianzie kwenye harusi ya binti yangu Tekle, miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa unaitazama kwa simu, picha ikakatika, nikakwambia ni mtandao. Haukuwa mtandao. Meza siku ile, kuinua vikombe na kutaja wa kunywewa, iliongozwa na Zurabi, mjomba wa bwana harusi, mtu wa Imereti, mwenye sauti ya kuamsha kijiji na moyo mwema usio na breki. Na wewe unaijua sheria ya Mama. Tangu kaka yetu Malkhazi aende vita vya Sokhumi, asirudi yeye wala kiatu chake, jina lake halijawahi kutajwa kwenye kikombe cha marehemu. Kila meza anayokaa Mama, Malkhazi anatajwa kwenye kikombe cha walio safarini. Kijiji kizima kinajua, hata watoto wanajua. Lakini Zurabi ni mgeni, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamwambia.

Basi mwenzangu, akaiona picha ya Malkhazi ukutani, imetundikwa kando ya picha ya Baba. Ilipofika zamu ya marehemu, akasimama, akadondosha mvinyo juu ya mkate, akaita kwa sauti ile yake: Shota, na kijana wake Malkhazi, Mungu awalaze pema. Na watu, kwa mazoea tu, wakasimama wakanywa. Hata mimi, dada. Kikombe kilishafika mdomoni ndipo nikamwona Mama.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliweka kikombe chake mezani polepole, akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, kwamba tumemwua mwanawe, tena kwa mvinyo wake mwenyewe. Akatoka nje. Zurabi maskini alilia kuliko sisi wote, na ngoma zikaendelea kwa sababu harusi haisimami.

Kesho yake mchana, nyumba bado inanuka mabaki ya karamu, Mama akachukua jembe dogo akaniita ghalani. Akasema watu wakishamnywa mtu kuwa maiti, basi mtungi wake wa mvinyo ufunguliwe, ndiyo desturi. Wa aliyeoa hufunguliwa harusini kwake, wa aliyekufa kabla ya kuoa hufunguliwa matangani. Nikamsihi. Nikamwambia Mama, Zurabi ni bwege tu, hakujua. Akanijibu nishike ufagio.

Ule mtungi unaukumbuka, ule wa pembeni, uliozikwa mpaka shingoni, aliojaza Baba siku aliyozaliwa Malkhazi. Na habari ya komamanga unaijua, maana ulikuwepo, ingawa ulikuwa mtoto wa kubebwa. Baba alivyopagawa na furaha ya kupata wa kiume, akachukua komamanga lililopasuka, lililoletwa kwa mzazi, akalitupa mtungini mzima mzima, kisha akaziba. Mtu na akili zake anatia komamanga kwenye mvinyo! Kwa ukoo wetu hiyo ilikuwa aibu ya kwenda nayo kaburini. Babu alituapisha sote tusitoe nje neno hilo, na hatukulitoa. Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, amekufa bila kujua.

Tukafagia mchanga. Chini yake udongo wa muhuri ulikuwa mzima, umekauka kama tofali, na juu yake alama ya kiganja cha Baba, vidole vyote, hata kile kidole gumba kilichopinda. Hakuna ufa. Nikaona haya kuuvunja. Mama akamwita jirani yetu Ushangi, kwa kuwa ndiye msafisha mitungi na mkata mizabibu wetu miaka nenda miaka rudi. Ushangi akapiga nyundo, akainua jiwe bapa lililofunika mdomo.

Loo! Mtungi mtupu, dada. Mtupu kabisa. Ilitoka hewa ya baridi, ikatupita usoni, yenye harufu ya komamanga kana kwamba limepasuliwa muda ule. Chini kabisa kulikuwa na machicha yenye unyevu, mbegu za zabibu, na ganda jeusi la lile komamanga. Mvinyo, hata tone. Ushangi akashuka ndani na taa, akagonga kuta zote, anatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Hakuona ufa. Tukaujaza maji tukayaacha mpaka Jumapili, hayakupungua hata upana wa kidole. Nikammiminia Ushangi kikombe cha ahsante, akakikataa. Ushangi anakataa kikombe! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama siku ile tulipofungua alikuwa amepiga magoti, kaingiza kichwa kwenye mdomo wa mtungi, kakaa hivyo muda mrefu mpaka nikataka kumvuta. Alipoinua uso alikuwa anacheka. Akasema mvinyo wa harusi haunywewi na mtu mwingine. Amekunywa mwenyewe. Malkhazi ameoa.

Nililia, dada, sitakuficha. Nilidhani akili ya Mama imeondoka siku ile, na kwamba ni sisi tuliompeleka huko kwa kikombe kimoja cha mazoea. Ndiyo maana sikukwambia. Ungeacha kazi, ungekuja bila makaratasi, usingeweza kurudi tena, na ya kukufaa usingeyakuta. Ulipopiga ukauliza kwa nini anacheka peke yake, nilisema ni meno mapya.

Sasa zikaja hizo mbegu. Mama aliyatoa machicha yote kwa mikono yake, akayaosha mara kwa mara, akazimimina mbegu kwenye bakuli la maji. Zilizoelea akawatupia kuku. Zilizozama, kama konzi moja, akazifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya kopo, akaliweka ukutani upande wa kaskazini ili baridi ya theluji izishike, maana mbegu ya zabibu isiyopigwa na baridi haiamki. Hayo ya baridi ni sahihi, ndivyo inavyofanywa. Lakini mbegu iliyokaa ndani ya pombe tangu kabla mimi sijazaliwa! Mtaa mzima ulicheka. Wake za watu walipita langoni wakiulizana kwa sauti kama Tsiala mwaka huu atapanda na vizibo. Ushangi ndiye hakucheka. Alimwambia Mama kwa upole, shangazi Tsiala, ukitaka mzabibu wa Malkhazi nikate kijiti kwenye ule wa zamani nikupandikizie, utaupata uleule. Mbegu itakuhadaa. Kwa mzabibu ule msemo wa mwana hutazama kisogo cha nina hauna kazi, kila mbegu huzaa mgeni. Tena mara nyingi huwa dume, maua tele na tunda hakuna. Mama akamjibu kwamba uleule hautaki. Anamtaka huyo mgeni. Na kwamba si dume, ni msichana.

Mwezi wa tano ukachipuka mmoja. Mmoja tu, katika konzi nzima, majani mawili madogo yamekunjana kama mikono ya mtoto aliyelala. Mama aliulea barazani kwenye kopo la nyanya, akiupa maji kwa kijiko, na akiuita mama, kama anavyotuita sisi wanawe. Njoo mama, geuka mama, jua hili hapa mama. Nilikuwa nasikia jikoni, naacha kukata vitunguu.

Tulipouhamishia uani, Ushangi akausimikia kichanja kizuri upande wa jua. Mzabibu haukukitaka. Mzabibu hufuata jua na hushika kilicho karibu, hilo hata wewe uliyekimbia jembe unalijua. Huu ulikipita kichanja, ukalala chini, ukatambaa kivulini kando ya ukuta hadi langoni. Nikauinua nikaufunga kwa kitambaa. Kesho yake mchana umeshajivua, umerudi palepale. Nikaufunga kwa kamba. Ukarudi. Mwaka wa pili ukalishika komeo la lango, ukalizungusha vikonyo vyake vile vyembamba mpaka lango likawa halifungiki. Nikachukua mkasi. Mama akasimama mbele yangu, akaniambia niache, mtoto anafungua.

Dada, unajua lango linaloachwa wazi mchana kutwa kwetu ni lango la nani. Ni la nyumba yenye maiti ndani. Watu walikuwa wakipita wanavua kofia. Wengine waliingia na mishumaa, wananiuliza kwa kunong'ona ni lini, nami nawajibu bado, kisha natamani kujizaba kofi kwa hilo neno bado. Nilikuwa nikiamka asubuhi jambo la kwanza natega sikio kama Mama anakohoa. Nilishaamini kwamba mzabibu ule umemjia yeye. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilimtolea Mama nguo yake nyeusi nzuri kabatini nikaipiga pasi kwa siri, kisha nikairudisha.

Mwisho wa msimu wa baridi uliopita Ushangi alikuja kuupunguza matawi. Mzabibu ukikatwa hutoa machozi, si ajabu, siku chache kisha hukauka. Huu uliendelea kudondoka mpaka miti ya cheri ikachanua. Ushangi akachovya kidole, akaonja. Akafuta kidole kwenye suruali, akatia mkasi mfukoni, akaniambia Makvala, haya si maji ya mti. Nikamwuliza ni nini basi. Akasema anaomba asiulizwe. Hakuukata tena. Na mimi sikuonja, hata leo sitaki kujua.

Mwaka huu, mwaka wake wa tatu tu, ukazaa. Vichala vichache juu ya lango, punje ndogo, rangi ya kahawia iliyofifia, si nyekundu ya Baba wala si nyeupe ya Babu. Mama hakuruhusu mtu aonje. Wiki nzima ya mavuno, sisi tuko shambani, yeye anakaa kwenye kigoda langoni, kavaa nguo ile nyeusi niliyoipiga pasi. Nikamwuliza Mama, nguo hiyo ya nini? Akasema ya kupokelea mgeni, na kwamba imepigwa pasi vibaya kwenye kola.

Alhamisi, saa za mchana, nimerudi kuchukua mkate, nikamkuta Mama amesimama juu ya kigoda anachuma. Barabarani kuna mwanamke amesimama, begi begani, kama wa miaka thelathini. Hakubisha, maana lango lilikuwa wazi. Na Mama hakugeuka. Aliendelea kunyoosha mkono kwenye kichala, akasema: Umechelewa, mama. Njoo ushike bakuli.

Yule mwanamke akaja akashika bakuli. Ndipo nilipomwona uso, dada. Nyusi, Lamara! Nyusi za Malkhazi, ile ya kushoto iliyokatika katikati. Nilidondosha mkate.

Jina lake Tamta, anatoka Zugdidi. Ni mtoto wa kaka yetu. Alikuwa na karatasi mbili tatu alizokuja kuonyesha na maneno aliyoyapanga njiani, na Mama hakutaka hata kimoja, alimpa zabibu. Mimi ndiye niliyemkalisha nikamhoji kama polisi. Mama yake aliitwa Manana, muuguzi wa Sokhumi. Amefariki majira ya baridi yaliyopita, na kitandani ndipo alipomwambia binti yake kwamba baba aliyemlea siye aliyemzaa. Alimpa jina la Malkhazi na jina la kijiji hiki, basi. Tamta alipouliza dukani kwa kina Malkhazi ni wapi, walimwambia ashuke mpaka aone lango lililoshikwa na mzabibu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo Mama alipotaka nifike. Malkhazi alimwoa Manana siku za mwisho za mji ule, kwenye chumba cha chini cha duka la mikate, mabomu yakipiga juu. Maji hakuna, mkate hakuna. Mzee mmoja jirani ndiye aliyewafungisha, kwa msalaba wa vijiti. Manana alimsimulia binti yake kwamba Malkhazi alisema harusi haiwezi kuwa kavu, akatoka kwenye lile giza la ngazi, na watu wakamkasirikia kwa kutoka kwenda kutafuta kifo. Hakukawia hata kidogo. Alirudi na jagi la udongo limejaa mvinyo wa rangi ya kaharabu, baridi kama uliotoka ardhini muda ule. Wakanywa wote, majeruhi na watoto, jagi halikwisha. Walimwuliza ameupata wapi. Akasema ni wa kwetu, Baba aliuzika siku niliyozaliwa. Wakacheka, wakajua ni utani wa bwana harusi.

Nikamwuliza Tamta kama mama yake aliwahi kusema ulikuwa na ladha gani. Akasema ndiyo, alilisema hilo mara nyingi bila kueleza ni harusi ya nani. Ulinukia komamanga. Na ndani ya kikombe chake mwenyewe alikuta punje ya komamanga, akaimeza.

Hajui mtu, dada. Hajui mtu nje ya damu yetu, ila Ushangi aliyeliona ganda siku tulipofungua. Wewe ndiye shahidi yangu.

Siku mbili baada ya harusi Malkhazi alipigwa risasi njiani wakitoka mjini. Manana alimfumba macho kwa mkono wake, na walimzika kando ya barabara walipoweza. Nakuandikia hili kwa ufupi kwa kuwa kwa urefu siwezi. Kaka yetu amekufa, Lamara. Amekufa kweli, na muda wote ule sisi tulikuwa tunanywa kumtakia safari njema.

Nilimtazama Mama nikingoja aanguke. Hakuanguka. Alimwita Ushangi, akamwita na Zurabi kwa simu, Zurabi akaja mbio kutoka Imereti na mwana-kondoo garini, bado ana haya. Tukala maharage, mkate wa jibini, na nyama iliyochomwa kwa vijiti vya mzabibu. Zurabi akakataa kuongoza meza, akasema mdomo wake una mkosi. Mama akasimama mwenyewe. Kwanza akainua kikombe kwa maharusi, Malkhazi na Manana, wapendane, wazeeke pamoja, wapate watoto. Tukanywa tumesimama, na hakuna aliyecheka. Kisha akachukua mkate, akadondosha mvinyo juu yake, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utoto wetu: Na mwanangu Malkhazi, Mungu amlaze pema. Halafu akamgeukia Zurabi akamwambia, wewe hukukosea jina, mwanangu, ulikosea zamu. Mtu hazikwi kabla harusi yake haijanywewa. Na hapo ndipo Mama alipolia, dada, kilio cha miaka yote ile, na Tamta amemshika. Nasi tukamwacha alie.

Asubuhi yake nilikuta vikonyo vya mzabibu vimekauka kwenye komeo, vimeachia. Lango limejifunga. Zabibu zake tumeonja sote. Ni kali, zina uchachu, si za Baba wala si za Babu. Ushangi alitafuna akafumba macho, akasema hajawahi kuionja aina hii, na kwamba ni nzuri. Mama akamwambia, si nilikwambia ni mgeni?

Mtungi wa Malkhazi tumeuosha, tumeujaza. Zabibu za lango hazikutosha, tukaongezea za shamba, na safari hii komamanga hakuna, nimesimama mlinzi mwenyewe. Huo ni wa harusi ya Tamta. Utazibwa ukishatulia, na Mama anasema kiganja kitakachobonyezwa kwenye udongo ni chako, maana wewe ndiye mkubwa wetu. Kwa hiyo tafuta hayo makaratasi, dada yangu, fanya uwezavyo, uje. Mama anakuita. Amesema nikuandikie hivi: mwambie mama yangu Lamara lango nimelifunga, lakini ufunguo sijazungusha.

Tamta anakusalimu, anasema shangazi. Tekle na mumewe wanakusalimu. Ushangi anakusalimu, na siku hizi anakunywa tena. Msalimie na yule bibi wa miwani.

Nilitaka niishie hapa, lakini wewe ni dada yangu na sikufichi kitu tena. Mvinyo mchanga ukichemka hupanda, unajua, haushuki. Leo asubuhi nilipokwenda kuukoroga, nimekuta umepungua vikombe viwili. Tamta alikuwa kalala na Mama, na ufunguo wa ghala uko shingoni mwangu. Nimekimbia kumwambia Mama. Amecheka tu, akaendelea kuchambua maharage, akasema niwaache, ni maharusi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Makvala